Ya Kijivu

Ubao wa mninga bado umeegemea ukuta,
na kovu lake la upana wa kidole gumba.
Pale ndipo kipakatalishi cha shemeji kilipovuta pumzi,
katikati ya herufi ya tatu,
kikakumbuka kina mambo yake ya kupakua,
na mota zikaganda, na jino la chuma
likaendelea kuzunguka palepale
mpaka moshi.

Elfu arobaini, ubao ule.
Sikukilaumu. Nani aliwahi kukiambia
kwamba mti haungoji?

Jumamosi nikashuka kutoka Nyakato,
laki moja na ishirini ndani ya soksi,
hadi Makoroboi, kwa Bituro
anayeuza kompyuta zilizokufa na zinazojifanya hazijafa.
Akanitolea moja nyembamba kama kaki,
kioo kinachokurudishia uso wako ukiwa umependeza.
"Hii ina mbio, fundi. Hii inaruka."
Nikamwambia sitaki ya kuruka.
Nataka ya kwenda hatua, hatua, hatua,
kama mwanamke mwenye ndoo kichwani
akipanda majabali ya Mabatini:
hakimbii,
na hata tone halimwagiki.

Akanitazama kama nimeuliza bei ya kivuli.

Chini ya meza, nyuma ya maiti za redio,
ilikuwapo ya kijivu, nene, nzito kama jiwe la kusagia,
namba nyekundu ubavuni kwa brashi ya mtu mwenye haraka:
mali ya kiwanda cha pamba. Kipi, hajui. Kilishafungwa.
Nikaigeuza. Mgongoni, chini ya vumbi,
lile tundu pana la printa za zamani,
vishimo ishirini na tano kwa safu mbili,
hakuna hata kimoja kilichoziba.
Moyo ukacheka. Uso nikauambia utulie,
tuko mbele ya muuzaji.

"Hiyo? Hiyo ya kuzuia mlango."
"Basi thelathini, nina mlango."
Tukamalizana hamsini na tano,
akaongeza kibodi iliyong'oka K.

Nyumbani nilipoifungua, feni ilikuwa imevaa sweta:
pamba ya misimu nisiyoijua,
imeshikana na usubi wa ziwani, maelfu,
wale wanaoingia mjini kama moshi
na kufagiliwa asubuhi kama majani ya chai.
Nikapuliza kwa pampu ya baiskeli.
Nkwimba akasimama mlangoni.
"Hamsini na tano, kwa uchafu wa watu?"
Sikumjibu. Nilikuwa na bisi mdomoni.

Nikaivua kila kitu: nyimbo, michezo, picha ya mlima wenye theluji,
nikaikatia mtandao.
Nikaiachia kazi moja, na faili moja
ambalo mkono ulikataa kulifuta.

Usiku kucha nikaipima, ikihesabu mapigo yake
tangu muziki wa baa ya jirani hadi adhana ya alfajiri,
nikiifungulia madirisha, nikiyafunga, nikiichokoza.
Kuchelewa kwake kukubwa kuliko kote
hakukumtosha mbu kubadili mawazo.

Jumatatu nikaugeuza ubao, kovu chini.
Bango la cherehani yake, niliahidi tangu Pasaka.
Nikaandika N.
Kisha kidole kikatua kwenye shimo tupu la kibodi.

Nikalifungua lile faili. Mizani ya pamba, Juni,
majina ya watu na jasho lao kwa safu:
Malegesi, mia mbili na sita. Holo, tisini na moja.
Juu kabisa, kwa herufi kubwa: KILO.
Nikaazima K.

Luku ilikuwa na uniti tatu.
Mota zikaimba sauti zao mbili, ya kwenda na ya kurudi,
unga wa mninga ukanukia chumba kizima.
Kwenye W sikupumua.
Nkwimba alikuja na ufagio, akasimama,
akasoma jina lake likitoka kwenye mti
taratibu, bila kusita,
akasahau alikuja kufagia nini.

"Hiyo K," akasema, "mbona imenenepa?"

Ina pamba ndani, nikasema.